Mkono Mgonjwa wa Katibu Luan

Wilayani Qingtuo kila mtu ana maelezo yake kuhusu namna Luan Dehai alivyopanda vyeo. Wapo wanaosema alipandishwa na Chama, wapo wanaosema alibebwa na baba mkwe, na wapo wanaoapa kwamba ilikuwa nyota yake tu. Ge Shouren, karani wa ofisi ya utamaduni, aliwasikiliza wote, akapuliza chai yake. Yeye alijua kwamba Luan alipandishwa na brashi ya manyoya ya mbuzi, na brashi yenyewe ilikaa jikoni kwake, juu ya kabati, jirani na kopo la chumvi.

Mambo yalianza na daraja. Wakati huo Luan alikuwa katibu wa tarafa tu, mtu wa mashavu na sauti, hodari wa kucheka na wakubwa na kulia na wafiwa. Tarafa ikajenga daraja, na kwetu daraja halifunguliwi bila maandishi ya kiongozi. Kiongozi huchovya brashi na kuandika jina la daraja, mchonga mawe huzichonga zile herufi, ambazo kwetu kila moja hubeba neno zima, na kuzipaka rangi nyekundu, na pembeni hukaa jina la mwandishi na muhuri wake, ili wajukuu wajue wa kumshukuru. Ubaya ni kwamba watu wetu husema mwandiko ndio uso wa mtu. Na Luan, tuseme kweli, aliandika kama kuku anayechakura mchwa.

Jumapili moja mkuu wa ofisi ya utamaduni, Pang Zhiqiu, akabisha hodi kwa Ge, ambaye ofisini walimwita Mwalimu kwa heshima tu.

"Mwalimu, una shughuli gani?"

"Nachambua maharage, Mkuu."

"Yaache. Katibu wa tarafa anaumwa mkono."

"Pole yake. Umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Umekataa kuandika tangu azaliwe." Pang alifunga mlango nyuma yake. "Herufi tatu tu, Mwalimu. Daraja la Tuohe. Nani atajua?"

Yinlan, mke wa Ge, alikuwa akikaanga pilipili, amewapa mgongo. "Herufi tatu huzaa sita," alisema. "Baba Suyin, maharage hayajaisha."

Ge angeweza kukataa. Hakukataa, na tusimsingizie woga, ingawa woga alikuwa nao wa kutosha. Ge alikuwa na njaa. Baba yake alifundisha shule ya kijiji cha Liuwan, na alikuwa na mwandiko ambao watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kuuomba kwa ajili ya harusi na mwaka mpya. Kisha ikaja ile miaka ya vurugu, mwandiko wa kale ukaitwa sumu, vijana wakachoma kila karatasi mzee aliyopata kuigusa, na mkono wake wa kulia wakaubana mlangoni mpaka vidole vikavunjika. Baada ya hapo alimfundisha mwanawe uani, kwa brashi na maji juu ya matofali, akimsahihisha kwa mdomo, na kwa fimbo iliyoshikwa mkono wa kushoto. Maji yalikauka kabla jirani hajachungulia. Mzee alipokufa hakuacha hata herufi moja duniani. Mwandiko wake ulibaki mkononi mwa mwanawe, na mwanawe alikuwa karani wa kuandika matangazo ya chanjo ya nguruwe.

Basi akaandika herufi tatu, Luan akaweka muhuri wake, na jiwe likachongwa. Miezi miwili baadaye mkubwa mmoja wa mkoa, mpenzi wa maandishi, akapita juu ya daraja na kusimamisha gari. Akauliza nani kaandika. Wakamwambia. Akashuka, akalipapasa jiwe kama anayepapasa farasi wa kununua, akasema mtu mwenye uti wa mgongo kama huu ni dhambi kumwacha aozee tarafani. Kabla ya mwaka mpya Luan alikuwa naibu mkuu wa wilaya.

Tatizo la sifa ni kwamba hufuatwa na karatasi. Kila alikokwenda Luan, alikuta ametandikiwa meza, wino umeshasagwa, na watu wameshaanza kupiga makofi. Mtu mwingine angeumbuka. Luan akajifunga bandeji. Aliizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akakunja uso kidogo, akasema, "Ndugu zangu, nitawaandikia nikipata nafuu." Nafuu hiyo haikuja kwa miaka kumi na minne. Gazeti la mkoa likaeleza kwamba aliteguka akibeba magunia ya mchanga wakati wa mafuriko, na ingawa wakati wa mafuriko Luan alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake, nani abishane na gazeti? Baadaye watendaji wadogo nao wakaanza kuja mikutanoni wamefungwa bandeji. Zahanati ya wilaya ikaishiwa kabisa, mpaka mtoto aliyeanguka mtini akafungwa kwa kitambaa cha mama yake.

Na kila mwezi Pang alileta orodha. Ge akaandika hospitali, akaandika soko, akaandika stendi ya mabasi na magunia ya mbolea. Ilipofika zamu ya choo cha umma, viongozi walikaa kikao saa tatu. Upande mmoja ulisema kuweka jina la Katibu chooni ni dharau. Upande wa pili ukauliza, je, tukimnyima choo, si tutakuwa tumesema kwamba Katibu hajali haja za wananchi? Mwishoni wakaafikiana kwamba aandike yeye lakini jina lisiwekwe. Ge alicheka peke yake njia nzima kwenda nyumbani. Katika wilaya nzima, choo ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyemwibia.

Malipo yake yalikuwa kopo la chai na themosi moja kila mwaka mpya. Nyumba ilijaa themosi, Yinlan akawa anahifadhia mchele humo. Profesa Jiao, mtaalamu wa maandishi kutoka mkoani, alitoa makala ndefu akieleza kwamba katika kila mstari wa Katibu Luan kunaonekana huruma kwa mkulima. Luan alikivaa kilemba hicho cha ukoka mpaka kikamwotea kichwani.

Maana siku moja, wakati huo ameshakuwa katibu wa Chama wa wilaya nzima, alimwita Ge ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyoandikwa wiki ile.

"Mwalimu, siku hizi unaniharibia."

"Nimekosea wapi, Ndugu Katibu?"

"Hapa. Mkia huu. Mimi siuvuti hivi."

Ge aliinama, akautazama mkia wa herufi aliyofundishwa kwa fimbo akiwa na miaka saba. "Ndugu Katibu, huwa unauvuta vipi?"

Luan akanyanyua mkono wake wenye bandeji, akaupitisha hewani kwa nguvu, kalenda ikacheza ukutani. "Hivi. Umeona? Jirekebishe. Unaanza kusahau mwandiko wangu."

"Nitajirekebisha, Ndugu Katibu."

Akaenda nyumbani, akakaa jioni nzima akijizoeza mwandiko wa Luan. Yinlan alipomuuliza anafanya nini, alimjibu, kisha wote wawili wakacheka mpaka Yinlan akaanza kukohoa. Lakini usiku hakulala vizuri.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ge hakulicheka. Mwaka wa tisa, shule ya Liuwan ilijengwa upya, na katika orodha ya Pang likaja lango lake. Kazi nyingine Ge aliziandika kwa kuchanganya, kidogo kama baba, kidogo kama yeye mwenyewe, kidogo kwa haraka. Lango la Liuwan aliliandika kama baba yake, bila kuongeza wala kupunguza. Alitupa karatasi arobaini. Aliweka hata kosa la mzee, ule mguu mzito wa mstari wa mwisho ambao walimu wenzake walikuwa wakimtania. Herufi nne, Shule ya Msingi Liuwan, na alipomaliza alilia, wala hakuona aibu kulia.

Fu Laosan, mchonga mawe aliyezichonga herufi zote za Katibu tangu daraja la kwanza, alisimama chini ya lango siku lilipopakwa rangi, sigara mdomoni.

"Nimemchonga huyu bwana mara mia," alisema. "Haya si yake."

"Labda mkono umepata nafuu," Ge akajibu.

"Labda," alisema Fu, akamtazama muda mrefu kuliko kawaida. "Basi mwambie aliyepata nafuu kwamba safari hii hata tindo langu liliona raha."

Ge alikuwa akienda Liuwan kwa baiskeli kila mwezi. Alikaa ng'ambo ya barabara akila mkate wa mvuke, akiutazama mwandiko wa baba yake ukipitwa na watoto wanaopigana kwa mabegi. Jina lililochongwa pembeni lilikuwa la Luan, lakini ukikaa mbali kiasi cha Ge, jina hilo halisomeki.

Mpanda ngazi hushuka, ila Luan hakushuka, aliporomoka. Wilaya nzima ilijua kwamba mkandarasi akitaka barabara ananunua kwanza shairi la Katibu kuhusu mianzi, na kwa bei ambayo mianzi yenyewe isingefika. Mashairi hayo nayo aliyaandika Ge. Yalipouzwa yeye alipata themosi. Asubuhi moja, katikati ya mkutano wa kilimo, wanaume wawili wenye majaketi meusi waliingia, wakamnong'oneza Luan sikioni, akasimama akatoka nao. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi wakati kibao cha jina lake kilipoondolewa mezani. Ilipofika jioni Pang alikuwa ameshateremsha picha, akamweleza mfagizi kwamba yeye tangu zamani hakumpenda yule mtu. Baada ya wiki Profesa Jiao akatoa makala nyingine. Katika kila mstari wa Luan, alisema, kunaonekana ulafi. Alitumia mifano ileile ya makala ya kwanza.

Ikaja amri kwamba maandishi yote ya Luan yafutwe ndani ya mwezi. Pang akamkabidhi Ge kazi ya kuandaa orodha.

"Wewe ndiye unayejua yalipo, Mwalimu."

"Na wewe unajua kwa nini ninajua, Mkuu."

"Mimi sijui chochote," alisema Pang kwa upole. "Na wewe hujui. Tukiendelea hivyo, wote tutastaafu salama."

Ge akaandika orodha, Liuwan akaiweka mwisho. Fu Laosan akazunguka na tindo lake akifuta alichokichonga, na kila mtu alipomuuliza kama haimuumi alisema kufuta kuna vumbi zaidi, basi. Kila Fu alipokaribia mwisho wa orodha, Ge alikumbuka kibao kingine. Alikumbuka kiwanda cha matofali kilichofungwa. Alikumbuka jiwe la mpaka msituni, watu wakapanda mlima siku mbili kulifuata. Alikitaja hata choo, ambacho hakikuwa na jina la mtu, na timu ikashukuru kwa uaminifu wake. Lakini wilaya ina mwisho. Alhamisi Pang alisema, "Jumatatu Liuwan, kisha tumefunga."

Jioni hiyo Ge aliweka vijiti mezani bila kula.

"Nitakwenda kwa wachunguzi. Nitasema lango ni langu. Likiwa si la Luan, hawana sababu ya kulifuta."

Yinlan hakupandisha sauti. "Na yale mashairi waliyonunua wakandarasi, watauliza aliyaandika nani."

"Watauliza."

"Nawe utasema."

"Mama Suyin, ni mkono wa baba. Waliuvunja mara moja. Nitawapelekea tena orodha mimi mwenyewe?"

"Baba yako kafa. Mimi niko hai, na nina goti bovu, na sijui kuja jela kukutembelea." Akamsogezea bakuli. "Kula tambi zako. Jela unaweza kwenda hata ukiwa umeshiba."

Hakumwambia aende wala asiende. Asubuhi Ge alilikuta shati lake zuri limepigwa pasi.

Timu ya uchunguzi kutoka mkoani ilikuwa imepanga ghorofa nzima ya hoteli ya wilaya. Kiongozi wao, Ndugu Miao, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, nywele fupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ge alisimama mbele ya meza yake akayasema yote, tangu maharage mpaka mashairi. Miao hakuandika hata neno. Alimsukumia karatasi, akamtuma mtu kutafuta brashi na wino.

"Andika."

Ge akaandika herufi nne za Liuwan. Miao alizitazama, akatazama picha ya lango iliyokuwa kwenye faili, akanyanyuka akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mzee wangu, kwa nini hukuja mwezi uliopita?"

"Niliogopa."

"Ungeendelea kuogopa." Alikaa, akajisugua macho. "Faili limefungwa, limepigwa mihuri saba. Imeandikwa humo kwamba Luan aliuza mwandiko wake. Profesa ametoa ushahidi kwamba mwandiko ni wa mtu mwenye roho ya Luan. Luan mwenyewe amekiri."

"Amekiri kwamba ni wake?"

"Tulipomuuliza kama kweli aliandika yote yale, alikasirika. Alisema makosa yake ni mengi lakini kipaji tusimnyang'anye."

Ge alijikuta amekaa bila kukaribishwa. Miao akafungua droo, akatoa kurasa tisa, akazitandaza mezani. Ge aliutambua mwandiko wa kuku mara moja.

"Barua yake ya toba," alisema Miao. "Utaratibu unataka aiandike kwa mkono wake. Tunaandaa maonyesho ya kupinga rushwa, na hii ndiyo ilikuwa iwe kitu kikubwa. Wiki jana tuliwaita watu wachache waje kuiona kwa majaribio. Unajua walifanya nini? Walicheka. Walisema tumeighushi, kwamba wilaya nzima inaujua mwandiko wa Luan, na huu si wake. Sasa mitaani wanasema Luan hakukamatwa, yuko ng'ambo anakula kamba wa baharini. Nimempa karatasi aandike upya mara nne, nikimwambia aache utani, aandike kama anavyoandika siku zote. Kila mara inakuwa mbaya zaidi. Mara ya nne alilia."

Akamtazama Ge mkono, si uso.

"Unataka niandike mimi," alisema Ge.

"Maneno ni yake. Nataka tu yasomwe kwa mkono ambao watu wanaujua."

"Ndugu Miao, huko ni kughushi ukweli."

"Ni kuufanya uaminike. Kwa kazi yangu hiyo ndiyo sehemu ngumu."

Ge alifikiri. Miaka yote kumi na minne aliyopokea themosi hakuwahi kuomba kitu, na sasa sauti yake ilitoka ngeni masikioni mwake. "Herufi za Liuwan zisifutwe."

"Hazitaguswa."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi. Na haya uliyoyasema leo hukuyasema. Nenda kwa mkeo ukiwa mtu safi."

Akaandika kurasa tisa siku mbili mfululizo, katika chumba cha hoteli, akiletewa supu na vipande vya nyama ya nguruwe ambavyo nyumbani huviona sikukuu. Toba ya Luan ilikuwa kama toba zote za namna hiyo: mimi ni mtoto wa mkulima, Chama kilinilea, nikajisahau, nikaacha kujifunza. Lakini alipofika mahali palipoandikwa "nimeliuza jina la wazazi wangu," Ge alisimamisha brashi. Hapo aliona aibu, aibu ya kweli. Akaiandika sentensi hiyo polepole kuliko nyingine zote. Ilitoka nzuri mno.

Jumatatu alipanda baiskeli kwenda Liuwan kuona lango lake likiachwa. Fu Laosan alikuwepo, hana tindo. Kulikuwa na kreni, na mikanda, na magodoro ya kufungia. Waliling'oa jiwe zima kwa uangalifu ambao hata bibi harusi hafanyiwi, wakaliviringisha, wakalipakia. Mahali pake mafundi wakafunga kibao cha plastiki chenye herufi za kompyuta.

"Wanalipeleka kwenye maonyesho," Fu alisema bila kumtazama. "Nilikuwa nimenoa tindo nikasikia limeokolewa. Nikadhani ni habari njema, Mwalimu."

Ge alimpigia simu Miao kutoka duka la kijiji. Miao alikuwa na furaha, na alikuwa mkweli. "Mzee wangu, nimefanya zaidi ya nilivyoahidi. Pale nje lingeliwa na mvua. Sasa liko nyuma ya kioo, lina taa yake, lina mlinzi. Litakaa miaka mia." Ge akashukuru. Kweli lingekaa miaka mia.

Mwezi uliofuata ofisi zote zilipelekwa kwenye maonyesho kwa mabasi, wastaafu na wake za watumishi wakiwamo, kila mtu na mkate wake na chupa ya maji. Ukumbi ulijaa. Mbele ya kurasa tisa watu walisongamana, na mama mmoja wa ofisi ya misitu alifuta machozi. "Fisadi alikuwa fisadi," alimwambia mwenzake, "lakini tazama alivyotubu. Mtu hawezi kuandika hivi kama hajatubu." Pang, aliyekuwa nyuma yake, alikubali kwa kichwa na akasema hata yeye ameguswa.

Jiwe la Liuwan lilikuwa chumba cha mwisho, kweli lina kioo, kweli lina taa. Chini yake pameandikwa: Kiburi cha Luan Dehai. Binti aliyewaongoza wageni alikuwa na kipaza sauti kidogo shavuni na fimbo ya kuelekezea.

"Angalieni mstari huu wa mwisho," alisema. "Mnauona mguu ulivyo mzito? Wataalamu wanatwambia huo ndio mguu wa mtu aliyezoea kukanyaga wanyonge. Waliokuja na watoto wawaonyeshe. Mwandiko kama huu tusiuige."

Yinlan alimshika Ge kiwiko. Walikuwa wameoana miaka thelathini na sita, na hakuwahi kumshika hivyo mbele za watu. "Tutoke," alimwambia. "Tukakae kwenye basi."

Lakini mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza kitabu kikubwa cha wageni, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kutoka bila kuandika alichojifunza. Waandaaji, kwa heshima ya wilaya yenye sifa ya maandishi, walikuwa wameweka brashi na wino badala ya kalamu. Watu waliandika harakaharaka: nimejifunza mengi, aibu kwa mafisadi. Ikafika zamu ya Ge. Alichovya brashi, akaandika jina ambalo halikupata kuandikwa popote kwa mwandiko huo tangu mwenyewe avunjwe vidole: Ge Yuanpu, mwalimu wa Liuwan. Akauvuta mstari wa mwisho na mguu wake mzito, akaiweka brashi chini. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza maishani mwandiko na jina vilikaa pamoja.

Binti wa fimbo akaja kuangalia kwa nini foleni imesimama. Akasoma kitabuni, akageuka akatazama jiwe nyuma ya kioo, akarudi kitabuni.

"Babu," alisema kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele ya watu, "umeiga mwandiko wa fisadi."

"Sijaiga."

"Si wewe tu, mwandiko huu unawavutia wengi. Lakini mkubwa wangu akiuona humu nitapata matatizo, na wewe pia." Akaweka rula juu ya ukurasa, akauchana taratibu, pamoja na jina lote la mzee, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni. Kisha akamfungulia ukurasa mweupe na kumrudishia brashi kwa mikono miwili, kama binti aliyelelewa vizuri. "Andika tena, babu yangu. Safari hii kwa mwandiko wako mwenyewe."

Nyuma yake mtu alikohoa kwa kukosa subira. Ge aliinua brashi juu ya karatasi. Akakaa hivyo, wino ukidondoka, akitafuta mwandiko mwingine, na hakuwa nao.